Barua ya wazi: Mahindi yakianza kuchanua, zahanati ziwe tayari

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Kilimo na Ustawi wa Mifugo, na Waheshimiwa Magavana wa Trans Nzoia, Uasin Gishu, Nandi, Elgeyo Marakwet na Bungoma.

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Trans Nzoia, mmoja wa wale waliokabidhiwa mikoba na simu mwaka 2023, na kazi yangu ni kuzunguka boma kwa boma katika kijiji ambacho mahindi yamekizingira pande zote. Nawaandikia juu ya ugonjwa unaorudi kila mwaka kuanzia mwisho wa Juni, mahindi yanapotoa mbelewele, lile ua la kiume linalochomoza juu ya mmea. Unakaa nasi mwezi wa saba wote, na sehemu za juu kuelekea Mlima Elgon unaingia hata mwezi wa nane. Watu wanapiga chafya mfululizo, macho yanawasha mpaka yanakuwa mekundu, kamasi nyepesi haikatiki, na wengine usiku vifua vinabana. Huu ni mzio wa chavua, yaani mwili kulikataa vumbi la maua. Una dawa, na nyingi si za bei ya kutisha. Lakini huku kwetu unatibiwa kwa dawa zisizo zake, na sijawahi kuuona ukitajwa katika maandalizi yoyote ya msimu.

Niwaeleze mambo yanavyokwenda. Mama akimleta mtoto zahanati mwezi wa saba, mtoto anapimwa malaria kwanza. Hilo ni sahihi kabisa, kwa sababu baada ya mvua ndefu ndipo malaria hupanda katika nyanda hizi za juu za magharibi. Kipimo kikionyesha hana malaria, hapo ndipo tunapopotea njia. Mtoto anaandikwa kuwa na maambukizi ya njia ya hewa, anapewa amoksilini na dawa ya maumivu, mama anaambiwa arudi hali isipobadilika. Siku tano zinapita, dawa inaisha, mahindi bado yanachanua, chafya ziko pale pale. Wanarudi. Safari hii anapewa antibiotiki nyingine yenye nguvu zaidi. Mwezi wa nane chavua inakwisha shambani, mtoto anapata nafuu, na mama anaamini ile dawa ya pili ndiyo iliyomponya. Mwaka unaofuata anaitaja kwa jina kwenye duka la dawa na anauziwa bila karatasi ya daktari.

Simlaumu mama huyo, wala simlaumu muuguzi anayehudumia foleni peke yake tangu asubuhi. Muuguzi anatoa kilichopo kwenye rafu, na anaandika kwenye fomu aliyopewa. Lakini serikali hii hii imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu mwaka 2017, na kila Julai, katika maeneo yanayolisha nchi, tunawanywesha watoto antibiotiki kwa ajili ya vumbi la maua. Vidonge vile haviwezi kufanya lolote kwa chavua. Kazi pekee vinayoifanya ni kuwafundisha vijidudu wengine mwilini namna ya kuishinda dawa tutakayoihitaji siku ya nimonia.

Kuutambua ugonjwa huu hakuhitaji maabara. Mafua ya kawaida huja na mwili kuuma, pengine joto, kamasi ikageuka nzito, na kwa kawaida ndani ya wiki moja au siku kumi yamekwisha. Mzio hauleti joto la mwili. Kamasi yake hubaki nyepesi, pua na macho vinawasha, wakati mwingine hata kaakaa linawasha, na hali hiyo inaendelea wiki tatu, wiki nne, kwa mtu yule yule, majira yale yale, mwaka baada ya mwaka. Ukimtazama mtoto aliyeishi nao muda mrefu utamwona akiisugua pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, tena na tena, mpaka juu ya pua unatokea mstari mwembamba wa kukingama. Chini ya macho kunakuwa na weusi kama wa mtu asiyelala. Na kweli halali, kwa kuwa pua imeziba usiku kucha, na kesho yake anasinzia darasani. Muhula wa pili unaangukia hapo hapo kwenye msimu. Mwalimu anamwita mvivu.

Chavua ya mahindi ina tabia zake, na tabia hizo ndizo zinazoeleza kwa nini ofisi za mjini haziuoni ugonjwa huu. Mbelewele ya mmea mmoja humwaga chembe kwa mamilioni, kwa siku kadhaa mfululizo, na shamba zima huchukua kama wiki mbili kumaliza. Huanza kumwaga umande ukishakauka, saa tatu asubuhi hadi karibu na adhuhuri, wakati watu wako palizini na watoto wako nje kwa mapumziko. Chembe yenyewe ni kubwa ukilinganisha na za nyasi nyingi, kipenyo chake kinakaribia sehemu ya kumi ya milimita, ndiyo maana unaweza kuona unga wa njano juu ya majani na kwenye mabega ya shati. Kwa ukubwa huo haisafiri mbali. Sehemu kubwa huanguka ndani ya makumi machache ya mita kutoka ilikotoka. Anayeipokea, basi, ni yule ambaye mahindi yake yanagusa dirisha la jikoni, na yule anayefanya kazi katikati ya mistari. Mtu wa Nairobi haimfikii, na wala haifiki kwenye ofisi za kaunti.

Tena mahindi ni jamii ya nyasi. Mwili uliokwisha kuchukia chavua ya nyasi moja mara nyingi huchukia na ya jamaa zake, maana protini zao zinafanana. Kwa hiyo mtu aliyeanza kuteseka kwa nyasi za malisho pembeni mwa barabara akiingia kwenye mahindi yanayochanua anaongezewa mzigo juu ya mzigo. Katika nchi yetu hii ya nyasi za malisho za boma rhodes na napier, hakuna kijiji kisicho na nyasi na mahindi kwa pamoja.

Sasa naomba mnifuate hadi kwenye mashamba ya mbegu, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapouma zaidi. Mbegu chotara wanayopelekewa wakulima wa nchi nzima, sehemu kubwa huzalishwa huku kwetu. Shambani hupandwa mistari kadhaa ya majike, kisha mistari ya madume, kisha majike tena. Mistari ya majike haitakiwi kujichavusha yenyewe, hivyo mbelewele zake zote lazima zing'olewe kwa mkono kabla hazijaanza kumwaga. Kazi hii hufanywa na vibarua, wengi wao kina mama na vijana. Unaingia asubuhi mahindi yakiwa yamelowa umande, yamekupita kimo, unaishika mbelewele iliyo bado ndani ya jani lake la juu, unaivuta kwenda juu mpaka ilie na kutoka, unaitupa chini, unasogea mmea unaofuata. Siku nzima, kisha kesho yake unarudia mistari ile ile, kwa sababu mimea haichanui kwa pamoja. Na ukiwa hapo, hatua chache upande wako wa kulia na wa kushoto, madume yameachwa yamwage kwa sababu ndiyo kazi yao. Kila ukigusa bua, unga unashuka. Unaingia kwenye kola, kwenye nyusi, kwenye leso uliyojifunga kichwani, na unarudi nao nyumbani kwa mtoto anayenyonya.

Nimeifanya kazi hiyo kabla ya hii niliyo nayo sasa. Tuliofanya pamoja tulikuwa tunajua ni nani kati yetu "hawezi maua". Alikuwa anapangwa pembezoni mwa shamba ikiwa msimamizi ni mtu wa utu, na akiwa si wa utu alikuwa anapoteza kibarua. Barakoa hatukupewa. Miwani hatukuijua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na sioni kwa nini kibarua wa wiki tatu aonekane hayumo ndani ya sheria hiyo.

Na hapa ndipo kiini cha barua yangu kilipo, Waheshimiwa. Serikali tayari inajua ni lini chavua inamwagika, na inajua kwa usahihi mkubwa. Wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, huingia katika mashamba hayo wakati wa kuchanua na kutazama ni mbelewele ngapi za majike zimeachwa zikamwaga, na zikizidi kiwango, shamba linakataliwa kuwa la mbegu. Kwa kanuni za mbegu, shamba hilo linatengwa na mahindi mengine kwa mamia ya mita ili chavua ya nje isilifikie. Nasema kwa moyo safi kwamba kazi hiyo inafanywa vizuri na inatulinda sisi wakulima tusiuziwe mbegu mbovu. Lakini tazameni lilivyo jambo lenyewe. Mtumishi wa umma amesimama ndani ya chavua, anaihesabu, anaandika tarehe, kwa ajili ya mbegu. Tarehe hiyo haimfikii muuguzi wa zahanati iliyo kilomita mbili kutoka hapo. Mbegu imewekewa mamia ya mita, na darasa la watoto wa chekechea lina mahindi ya shule chini ya dirisha.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka huduma za afya na huduma za kilimo mikononi mwa kaunti, zote mbili. Kwa hiyo, Waheshimiwa Magavana, daktari wa kaunti na afisa wa kilimo wa kaunti wote wanaripoti kwenu. Hakuna sheria mpya inayohitajika ili wawili hao wakae meza moja mwezi wa sita na mmoja amwambie mwenzake: Kiminini wataanza kuchanua wiki ijayo, Endebess wiki mbili baadaye.

Wala mkulima hahitaji kutafutwa. Tangu mlipoanza kutuandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, namba zetu za simu mnazo, na ujumbe wa mbolea unatufikia. Kwa njia hiyo hiyo tunaweza kupata ujumbe mwingine mfupi kwa Kiswahili na kwa lugha zetu: mahindi ya eneo lako yameanza kuchanua, mwenye pumu asikose dawa yake ya kuvuta, anayepiga chafya bila joto la mwili aende zahanati aulize juu ya mzio, nguo za shambani zivuliwe nje na uso uoshwe kabla ya kumshika mtoto, usianike nguo wala matandiko pembeni mwa mahindi asubuhi. Mambo madogo, lakini kwa mtu asiyejua kinachomsumbua ni msaada mkubwa.

Kuhusu dawa, naomba niseme bila kuzunguka. Dawa inayojulikana vijijini ni Piriton, na inalaza. Ukimpa mwanafunzi asubuhi, umemwondoa darasani. Ukimpa dereva wa trekta au kijana wa bodaboda, umemtia hatarini yeye na abiria wake. Ziko za kizazi cha pili zisizolaza hivyo, kama loratadini na setirizini, kidonge kimoja kwa siku. Loratadini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na dawa ya kupuliza puani ya budesonidi imo pia. Hiyo ya pua ndiyo inayowafaa zaidi wale walioathirika sana, lakini haifanyi kazi kwa siku moja. Inatakiwa ianze mapema na itumike kila siku. Ndiyo sababu nasisitiza tarehe. Dawa ikifika zahanati katikati ya Agosti imefika kutazama mabua.

Pumu ni habari nzito zaidi. Mzio wa pua na pumu mara nyingi hukaa ndani ya mtu mmoja, na msimu ukiamsha ule wa pua, kifua nacho huamka. Nawajua watoto ambao vifua vyao hupiga mluzi mwezi wa saba na hawana dawa ya kuvuta nyumbani, wana sharubati ya kikohozi. Na hata wakipewa kopo la salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua kifua, mtoto mdogo hawezi kulivuta bila kifaa cha kupitishia dawa, kinachouzwa ghali. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, ikitobolewa vizuri kitakoni ili mdomo wa kopo uingie bila kuvuja, inaweza kufanya kazi hiyo kwa mtoto mwenye pumu. Chupa hizo zimejaa mitaroni mwetu. Tufundisheni wahudumu wa afya kuzitengeneza, na mtuwekee salbutamoli na dawa ya kuzuia pumu mahali panapofikika kwa miguu.

Msidhani natia chumvi nikisema chavua inaweza kuua. Tarehe 21 Novemba 2016, Melbourne huko Australia, radi na upepo vilipita juu ya malisho yaliyokuwa yamechanua nje ya mji. Chembe za nyasi zikalowa, zikapasuka vipande vidogo vinavyoweza kuingia mpaka ndani ya mapafu, na jioni ile maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakishindwa kupumua. Watu 10 walifariki. Wengi wa waliougua walikuwa watu wa mafua ya msimu tu, hawajawahi kuitwa wagonjwa wa pumu. Baada ya hapo serikali ya jimbo la Victoria iliweka utaratibu wa kutabiri na kuwaonya watu. Sisemi mji wetu wa Kitale ni Melbourne. Nasema tunazo nyasi, tunazo radi za alasiri za mwezi wa saba, na hakuna anayepima.

Kupima kwenyewe kunawezekana. Chombo kinachotumika sehemu nyingi duniani kilibuniwa Uingereza na Jim Hirst mwaka 1952. Kinavuta lita 10 za hewa kwa dakika, karibu sawa na pumzi ya mtu, na chembe zinanata kwenye utepe unaosomwa kwa hadubini. Afrika Kusini wanavyo katika miji yao mikubwa na wananchi hutangaziwa kiwango cha chavua. Sisi tuna Makumbusho ya Taifa yenye wataalamu wa chavua wanaosoma hata ile ya kale iliyolala kwenye matope ya maziwa. Tuna kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kitale, tuna vyuo vikuu Eldoret. Chombo kimoja Kitale na kimoja Eldoret, pamoja na msomaji aliyefunzwa kwa kila kimoja, vingetosha kuanza.

Wala hamtakuwa mnaanzia gizani. Eldoret na Nairobi zilikuwa vituo vya Kenya katika utafiti mkubwa wa kimataifa wa ISAAC juu ya pumu na mzio kwa watoto, na Profesa Fabian Esamai na wenzake wa Chuo Kikuu cha Moi waliwauliza wanafunzi wa Uasin Gishu wa miaka 13 na 14 kuhusu dalili zao. Dodoso la utafiti huo lilikuwa na swali la miezi: ni mwezi gani pua ilikusumbua? Waliouliza walikuwa wameshaona kwamba kalenda ina jambo la kusema. Watoto wale leo ni wazazi, na swali lile bado halijaingia kwenye daftari la zahanati.

Najua yapo majibu mawili yanayonisubiri. La kwanza ni kwamba mkulima kazaliwa ndani ya mahindi, ameyazoea. Hata Charles Blackley wa Manchester, aliyethibitisha mwaka 1873 kwamba chavua ndiyo inayoleta mafua ya msimu, alishangaa kuona wakulima wa kwao wanaugua kidogo kuliko watu wa mjini. Na tafiti za Ulaya za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba mtoto aliyekulia karibu na zizi la ng'ombe hupata kinga fulani. Nakubali. Lakini kinga hiyo haimfuniki kila mtu, na kibarua anayekaa kwenye chumba cha kupanga na hajawahi kufuga hata kuku hana zizi la kumkinga. Njooni mwezi wa saba muone wanaougua.

La pili ni kwamba watu watasema serikali inapiga vita mahindi. Hakuna mwenye akili timamu Trans Nzoia atakayeomba mahindi yasipandwe; ndiyo karo, ndiyo ugali, ndiyo sisi. Ninachoomba ni ukanda mdogo. Mita 30 kuzunguka madarasa, zahanati na wodi ya wazazi, pandeni maharagwe, viazi, sukuma wiki, chochote kisichomwaga unga hewani. Shule nyingi shamba ni lao wenyewe, uamuzi ni wa bodi na mwalimu mkuu. Waraka mmoja wa kaunti ungemaliza.

Jambo moja zaidi kwa Waziri wa Afya. Watafiti wa Ethiopia na wenzao walibaini kwamba viluwiluwi vya mbu wa malaria hula chavua ya mahindi inayoangukia madimbwini, wakakua upesi na kuwa mbu wakubwa. Kwa hiyo tarehe ya kuchanua mahindi inawahusu watu wa malaria nao. Watu wawili wa wizara yako wanaihitaji taarifa moja iliyoko kwenye daftari la wizara nyingine.

Bajeti ya kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, siku zile zile mbelewele zinapotoka. Dawa za Julai zinaagizwa kwa fedha za mwaka unaokwisha, na wengi wa wanaoagiza hawalioni hilo mpaka rafu ziwe tupu. Naomba loratadini au setirizini, dawa ya kupuliza puani, salbutamoli na dawa ya kuzuia pumu viagizwe mwezi wa tano. Naomba fomu ya zahanati iwe na mstari wake wa mzio wa msimu, usichanganywe na maambukizi. Naomba wakaguzi wa kazi wafike kwenye mashamba ya mbegu wiki ile ile wanayofika wakaguzi wa mbegu.

Vikao vya maoni ya wananchi vikitangazwa tutakuja, mimi na wahudumu wenzangu wa wadi hii, na daftari zetu za boma kwa boma. Msimu huu tumeanza kuandika wenyewe: nani anapiga chafya, tangu lini, anakaa umbali gani na mahindi, alipewa dawa gani.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa afya ya jamii, Trans Nzoia